Picha 7 kati ya 40: darubini ya inchi 8 na maunti iliyohukumiwa

“Kaka, nitajie maunti ya bei nafuu itakayobeba darubini ya inchi 8 kwa ajili ya picha. Hii niliyo nayo imenishinda.”

Ujumbe ulikuja na picha moja. Ilikuwa Kilimia, lile lundo dogo la nyota, au ingekuwa Kilimia kama kila nyota isingevutika ikawa kijistari. Vijistari vyote vililala upande mmoja na kwa urefu mmoja, kama mvua ya upepo. Mwenyewe alikuwa ameshatoa hukumu: maunti ni mbovu, iondoke, inunuliwe nyingine. Kwangu alitaka jina tu la hiyo nyingine.

Kwa asiyeijua, maunti ni sehemu inayokaa kati ya stendi ya miguu mitatu na darubini yenyewe. Kwa anayetazama kwa jicho, kazi yake ni kubeba bila kutikisika. Mpiga picha anaidai zaidi. Dunia inazunguka, nyota zinaonekana kusogea, na maunti inapaswa kuigeuza darubini kwa mwendo uleule kwa dakika nyingi. Zile zinazoitwa za kiikweta zina mhimili mmoja uliolazwa sambamba na mhimili wa dunia. Mhimili huo ukizungushwa mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, nyota hutulia kwenye kamera. Wazo hili si geni: Joseph von Fraunhofer alikamilisha mwaka 1824 darubini kubwa ya Dorpat, ikiwa na maunti ya aina hii na mtambo wa saa wa kuizungusha. Maunti nyingi tunazonunua leo ni wajukuu wa ile.

Nikamwomba aorodheshe vitu vyake. Darubini ni ya kioo, mtindo wa Newton, kipenyo milimita 200, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale taswira inapokusanyika) milimita 1,000, uzito karibu kilo 9. Kamera ni DSLR ya kawaida, ile ya lenzi za kubadilisha, yenye pikseli za mikromita 4.3. Ukiongeza kamera, pete za kushikia na reli yake, mzigo unafika kilo 10 na nusu. Maunti ni ya kiikweta, ya mtumba, yenye mota kwenye mhimili mmoja tu. Ana pia lenzi ya zamani ya milimita 135 ambayo aliitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja kiti kilichovunjika mguu.

Fedha aliyokuwa nayo ilitosha kununua maunti ndogo mpya na chenji ikabaki, au maunti ya daraja la kati ya mtumba na mfuko ukabaki mtupu. Kilichozidi hapo kilikuwa nje ya mazungumzo, na nilimshukuru kwa kulisema hilo mapema. Wengi hukuficha bajeti mpaka umalize kushauri.

Sikumtajia jina. Nilimwomba picha zote za usiku ule, siyo ile mbaya pekee. Alikuwa amepiga 40, kila moja ya sekunde 60, zikifuatana na mapumziko ya sekunde mbili hivi katikati. Alisita, maana alishazifuta nusu. Bahati nzuri zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera.

Saba zilikuwa nzuri. Nyota za duara, hakuna kistari. Yeye alizihesabu kama bahati: upepo ulitulia, au hakuna aliyekanyaga karibu. Lakini bahati haina ratiba, na hizi zilikuwa nayo. Zilikuwa picha namba 4, 9, 14, 18, 23, 33 na 38. Ukiacha pengo moja kati ya 23 na 33, kila baada ya picha nne au tano, yaani kila baada ya dakika kama tano, nyota zinakuwa duara, kisha zinaharibika tena. Picha ya 28, ambayo kwa mpangilio huo ingepaswa kuwa nzuri, ilikuwa na nyota zenye mkia uliopinda, kitu ambacho gia haifanyi. Hapo upepo ulipiga kweli.

Hapa ndipo kisa kilipofunguka. Ndani ya maunti ile kuna gurudumu lenye meno 144, linalosukumwa na parafujo. Kila parafujo inapozunguka mara moja, gurudumu linasogea jino moja. Siku ya nyota ina sekunde 86,164. Gawanya kwa 144, unapata sekunde 598, karibu dakika kumi. Hakuna parafujo iliyochongwa ikawa kamilifu, kwa hiyo katika kila dakika kumi maunti hutangulia kidogo, kisha huchelewa kidogo, kisha hurudia. Hilo ndilo kosa linalojirudia, na maunti zote za gia za aina hii zinalo, za bei kubwa na za bei ndogo. Tofauti ni kiasi tu, na ulaini wa mkondo wake.

Katika dakika kumi hizo kuna nyakati mbili ambapo kosa linageuka, kama pembea inapofika juu na kusimama kidogo kabla ya kurudi. Picha ikiangukia hapo, nyota hazisogei. Ikiangukia katikati, pembea ikiwa kwenye kasi, nyota zinavutika. Mageuko mawili kwa kila dakika kumi, picha za dakika 41: mageuko manane. Moja likachukuliwa na upepo. Saba.

Nikazipanga picha zote moja juu ya nyingine bila kuzisawazisha, nikafuata nyota moja kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ilikwenda na kurudi mashariki-magharibi, kila mara umbali ule ule, kama pikseli 45 kutoka ncha hadi ncha. Wakati huohuo ilikuwa ikiteleza polepole kuelekea upande mmoja wa kaskazini-kusini, jumla pikseli 35 kwa dakika zote 41. Namba hizo mbili zilitosha kumaliza mashtaka, ila kwanza zinahitaji kipimo.

Anga hupimwa kwa pembe. Digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60 za tao. Mwezi mpevu una upana wa karibu nusu digrii, yaani sekunde 1,800 hivi za tao. Kujua pikseli moja ya kamera yako inafunika anga kiasi gani, zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikromita na 206.265, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Kwake: 206.265 mara 4.3, gawanya kwa 1,000. Jibu ni sekunde 0.89 za tao kwa pikseli.

Ningependa kila anayetaka kununua maunti aanze na hesabu hii kabla hata ya kutazama matangazo. Ndiyo inayosema unadai nini. Mtu huyu alikuwa anadai kwamba kilo 10 na nusu za bomba zigeuzwe angani kwa dakika nzima zisikosee zaidi ya sekunde moja ya tao. Hiyo ni pembe inayofunikwa na sarafu ya sentimita mbili ukiitazama kutoka umbali wa kilomita nne. Na hewa yenyewe, katika usiku wa kawaida, hutawanya nyota kwa sekunde mbili hadi nne za tao, kwa hiyo sehemu ya ubora aliokuwa akiupigania ilikuwa imeshapotea kabla nuru haijafika kwenye kioo.

Tukirudi kwenye zile namba. Pikseli 45 ni sekunde 40 za tao, yaani 20 kila upande. Kosa la namna hiyo likiwa laini, pale linapokwenda kasi zaidi linafika sekunde 0.2 za tao kwa kila sekunde ya saa. Kwa dakika moja ni zaidi ya sekunde 12 za tao, sawa na pikseli 14. Hicho ndicho kijistari chake, kimepimwa. Kwenye mageuko, dakika nzima haizidishi sekunde moja ya tao, yaani pikseli moja, na hewa inaifunika hiyo usiione kamwe.

Mtelezo wa kaskazini-kusini ulikuwa pungufu ya pikseli moja kwa dakika. Huo hutokana na mhimili wa maunti kutolenga sawasawa ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Kwa kiwango kile, kosa lake la kulenga lilikuwa kama dakika tatu za tao, angalau kwa sehemu inayojionyesha pale nyota ilipokuwa. Dakika tatu ni kazi nzuri sana kwa mtu anayelenga kwa macho. Nilipomwambia alinyamaza kwa muda, kisha akaandika: “Miezi miwili nimekuwa nikilenga upya ncha, usiku mzima.” Alikuwa amekesha akirekebisha kitu kilichokuwa sawa. Mkamia maji hayanywi.

Kwa hiyo maunti haikuwa mbovu. Ilikuwa ikifanya hasa kile ambacho maunti ya daraja lake hufanya, chini ya mzigo usio wake, ikipimwa kwa rula kali mno. Lakini hilo halikujibu swali lake, na alilirudia: anunue nini?

Tukapita kwenye njia zilizokuwepo, na sikuzipa zote muda sawa kwa sababu hazikustahili.

Ya kwanza ilikuwa kubaki na maunti ile na kuongeza mfumo wa kuiongoza. Kamera ndogo inafungwa kwenye kijidarubini pembeni, tuseme cha kipenyo cha milimita 30. Inatazama nyota moja au zaidi kila baada ya sekunde chache, na programu kwenye kompyuta, kwa kawaida PHD2 ambayo ni ya bure, inaiambia maunti irekebishe: umetangulia, rudi, umechelewa, ongeza. Kosa la sekunde 0.2 za tao kwa sekunde ni chakula chepesi kwa mfumo huo. Kwa hiyo kwenye karatasi, hapa ndipo penye bei nafuu kuliko kote.

Karatasi haina upepo. Kwanza, maunti yake ilikuwa na mota kwenye mhimili mmoja tu na haikuwa na tundu la kupokea amri, kwa hiyo alihitaji seti nyingine ya mota na kidhibiti chake. Pili, uongozaji hurekebisha makosa ya polepole. Bomba la Newton lina urefu wa karibu mita nzima na kipenyo kinachozidi sentimita 20. Ni tanga la jahazi. Upepo ukilisukuma, programu inaona kosa baada ya picha kuharibika. Tatu ni mhimili wa pili, ambao ulikuwa na pleyi, yaani ulegevu kati ya meno ya gia. Ukilishika bomba na kulitikisa polepole unasikia mgongano mdogo wa gia kabla haijashika. Mota ikiambiwa igeuze upande, inazunguka bure kwanza, programu inaona hakuna kilichotokea, inaongeza amri, kisha gia inashika ghafla na nyota inaruka. Unaweza kuupunguza kwa kurekebisha parafujo iingie karibu zaidi na gurudumu, lakini ukizidisha, gia inabana.

Na nne, uzito. Watengenezaji hutaja mzigo wa juu ambao maunti inaweza kubeba, na wapiga picha wengi hujizuia kwenye nusu yake au kidogo zaidi. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Kinachoitesa maunti si kilo peke yake, ni kilo na umbali wake kutoka kwenye mhimili. Kitu kilekile kikikaa mbali mara mbili, ukaidi wake wa kugeuzwa na kusimamishwa unakuwa mara nne. Lenzi nene ya kilo tatu iliyoshikamana na kichwa cha maunti ni mzigo mwepesi kuliko bomba refu la kilo tatu. Kamera ya Newton inaning'inia pembeni mwa mdomo wa bomba, mahali pabaya kuliko pote.

Njia ya kwanza nikaipinga waziwazi. Fedha ingetumika kidogo, halafu ingetumika tena.

Ya pili ilikuwa maunti ya daraja la kati ya mtumba, mfano HEQ5. Hii ina mota pande zote mbili, inapokea amri za kuongozwa, na mzigo wake hutajwa kuwa kilo 11 hadi 13 hivi. Meno 135, kwa hiyo parafujo yake huzunguka kwa sekunde 638. Wapo wanaopiga picha nzuri kwa inchi 8 juu ya HEQ5, katika nyakati tulivu, kwa uvumilivu. Lakini angekuwa amefika mwisho wa uwezo wa maunti siku ya kwanza, na asingebakiwa na fedha ya kamera ya kuongozea. Bila hiyo kamera, kwa sekunde 0.89 za tao kwa pikseli, angerudi kwenye vijistari, pengine vifupi zaidi.

Niliiacha wazi njia hii, hata hivyo, na nikamwandikia jinsi ya kukagua ya mtumba, maana wauzaji hupiga picha ya nje tu. Legeza vishikizo vyote uisukume kwa kidole: izunguke laini mduara mzima, isikwame mahali popote. Kaza, shika fimbo ya uzito wa kusawazishia, itikise. Mgongano unaousikia ndiyo pleyi. Iwashe, iache ifuate nyota kwa dakika kumi na tano huku sikio likiwa karibu. Mlio unaopanda na kushuka kwa mpangilio unataka maelezo. Na kama muuzaji anaitumia kweli kwa picha, atakuwa na grafu ya uongozaji. Asiye nayo huenda ni mwaminifu tu asiyeongoza, lakini bei ishuke.

Ya tatu, daraja la EQ6-R, linalotajwa kubeba kilo 20, ndilo lililolingana na bomba lake. Kichwa peke yake kina uzito wa kilo 17. Halikuwa kwenye bajeti na sikuona haja ya kumtamanisha. Vivyo hivyo zile mpya zenye gia za hamoniki, kama AM5 ya ZWO, ambayo ina kilo 5 na inabeba 13 bila uzito wa kusawazishia. Zinavutia, zinabebeka kwa mkono mmoja. Ila kosa lao linalojirudia huwa kubwa na la haraka, hivyo kuziongoza ni lazima. Anayeinunua anunue na kamera ya kuongozea siku hiyohiyo.

Hadi hapo tulikuwa tumekwama, kwa sababu nilikuwa nimefanya kosa lake: nilichukua darubini kama kitu kisichohamishika na kutafuta cha kuiweka chini yake. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. “Bwana, unataka kupiga picha ya nini?”

Akaleta majina kumi na moja, na ilionekana yalikuwa yameandikwa zamani. Kilimia. Galaksi ya Andromeda. Wingu Kubwa la Magellan. Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi: ya Orion, ya Carina, ya Rosette, ya North America. Eneo la Rho Ophiuchi. Lundo la nyota la Omega Centauri. Galaksi ya Sombrero na galaksi ya M51.

Kihisi cha kamera yake kina milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa fokasi ya milimita 1,000 kinaona dirisha la digrii 1.28 kwa 0.85. Kilimia chote kinatanda karibu digrii mbili. Andromeda ina digrii tatu. Carina, mbili. Nebula ya Orion ina digrii moja na ushei, inagonga kingo za juu na chini. Rosette haiingii. Wingu la Magellan, lenye digrii kumi hivi, ni kama kutazama ukuta kupitia tundu la ufunguo. Katika majina kumi na moja, manane hayakuingia kwenye fremu. Yaani hata maunti ingekuwa bora kuliko zote duniani, picha aliyonitumia ya Kilimia isingeonyesha Kilimia.

Kisha tukaitazama ile lenzi ya milimita 135. Dirisha lake ni digrii 9.4 kwa 6.3. Pikseli moja inafunika sekunde 6.6 za tao. Weka juu yake kosa lilelile la maunti ya zamani, lilelile lililomtesa: sekunde 12 na ushei za tao kwa dakika mbaya kabisa. Pikseli mbili pungufu kidogo. Kulenga ncha ya anga? Kwa lenzi hiyo angeweza kukosea kwa upana wa mwezi mpevu, na mtelezo ungekuwa pikseli moja na robo tu kwa dakika. Miezi miwili ya kukesha ingegeuka dakika tano.

Hakupenda. Nilitegemea hilo. “Nimenunua darubini halafu nipige kwa lenzi ya mtumba? Si ningebaki na kamera tu.” Inchi 8 zina heshima yake, ukiziweka uani watu wanauliza, lenzi haiulizwi na mtu. Nikamwambia jambo ambalo wenye darubini hatupendi kulisikia: kwa kitu kilichotanda kama nebula, mwanga unaoifikia kila pikseli hauamuliwi na kipenyo cha kioo peke yake, unaamuliwa na uwiano wa fokasi kwa kipenyo. Darubini yake ni f/5. Lenzi hiyo ikifunguliwa yote ni f/2.8, mwanga mara tatu zaidi kwa eneo. Hata akiibana hadi f/4 ili nyota za pembeni zitulie, bado inaishinda darubini kwa mara moja na nusu. Darubini inashinda kwa undani wa vitu vidogo, na kwenye orodha yake vidogo vilikuwa vitatu.

Alichonunua mwishoni ni maunti ndogo ya kiikweta, ya daraja la kilo 5, yenye mota pande zote mbili na tundu la kuongozwa. Mimi nilipendekeza hiyo badala ya kifuata-nyota cha mhimili mmoja, ambacho kingekuwa rahisi zaidi. Sababu ni moja: siku atakapotaka kuongoza, au kuweka darubini fupi ya lenzi yenye fokasi ya milimita 400, isimlazimu kununua tena. Kwa milimita 400 pikseli yake inafunika sekunde 2.2 za tao, na hapo uongozaji unahitajika lakini haudai miujiza. Wapo watakaosema nilimsukuma atumie zaidi ya alichohitaji kwa lenzi. Huenda. Maunti ya kiikweta iliyomshinda ikabaki na inchi 8 yake, kwa kutazama kwa jicho, kazi ambayo inaifanya vizuri sana. Jicho halioni sekunde 40 za tao kwa dakika tano.

Kosa langu lilitokea baada ya hapo. Nilihesabu pikseli, mzigo na meno ya gia, nikasahau kuuliza latitudo. Ncha ya anga iko juu ya upeo kwa digrii zilezile za latitudo ya mtu alipo. Ukiwa latitudo kubwa, mhimili wa maunti unainuka vizuri. Ukiwa karibu na ikweta, ncha inalala kwenye upeo na mhimili unalala nao, kisha fimbo ya uzito wa kusawazishia inaning'inia chini kabisa. Yake ililala hadi ikagonga mguu wa stendi kila alipotaka kufuata kitu kilichopita katikati ya anga. Maunti nyingine hata hazishuki hadi huko. Skurubu ya kuinamisha inaisha mapema, na inabidi kufupisha mguu mmoja wa stendi ili kichwa chote kiiname. Jambo hilo linaonekana kwenye maelezo ya kifaa, mstari mmoja unaosema kuanzia digrii ngapi hadi ngapi. Sikuusoma. Alilazimika kuongeza kipande cha nguzo kati ya stendi na kichwa, na chenji iliyokuwa imetengwa kwa kamera ya kuongozea ikaenda huko.

Kulenga ncha nako kulibadilika. Ikiwa iko chini hivyo, imejificha nyuma ya miti na majengo, huioni. Na hata ikionekana, kusini nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno kwa macho mahali penye taa. Anatumia programu ya bure ya N.I.N.A. pamoja na nyongeza yake inayolenga kwa nukta tatu: inapiga picha sehemu tatu za anga, inatambua nyota zilizomo, kisha inamwambia ageuze skurubu ipi na kwa kiasi gani. Ncha yenyewe haihitaji kuonekana.

Usiku wa kwanza wa maana alirudia jaribio lilelile, kwa makusudi: Kilimia, picha 40, sekunde 60 kila moja, lenzi ya 135 ikiwa f/4, bila kuongoza. Alizotumia ni 36. Mbili zilipita na wingu, moja ilikuwa na ndege iliyokata fremu katikati, na moja aligonga stendi kwa mguu, kakiri mwenyewe. Ukizikuza sana baadhi ya zile 36 unaona nyota zenye umbo la yai. Hakunilalamikia, na baada ya kuzirundika pamoja mayai yote yalipotea. Ukungu wa buluu unaozizunguka nyota za Kilimia ulianza kujitokeza, kidogo, ukijua pa kuangalia.

Wiki chache baadaye akanitumia M51, kwa lenzi hiyohiyo. Nilishamwambia isingefaa: galaksi ile ya mikono miwili iliyojipinda ina upana wa dakika 11 za tao, na kwake ni pikseli mia moja, doa katika fremu yenye pikseli zaidi ya elfu tano kwa upana. Alikuwa ameikata picha, akalikuza lile doa mpaka pikseli zikaonekana kama vigae. Chini yake ameandika: “Huu mkono mmoja. Wa pili nautafuta.”